Kutanga na Njia

Ukipanda baiskeli katika mji wa Tanga, hata barabara ya pili hujaifikia utakuwa umeshaulizwa swali. "Wapi hiyo?" Atauliza muuza kahawa, atauliza jirani anayefagia uwanja, atauliza hata mtu usiyemjua ila kwa sura. Si umbeya, ni salamu. Na salamu hiyo ina majibu yake yanayokubalika: naenda sokoni, naenda msibani, namfuata fundi, napeleka mzigo. Ukijibu, "Siendi popote, natembea tu," mwulizaji hucheka. Kicheko hicho ndicho kilichonikalisha kitako niandike haya.

Maana swali lenyewe ni zito kuliko linavyosikika. Je, mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kupanda baiskeli, akazunguka nayo saa tatu, akatoka jasho, akarudi pale pale alipotoka bila kubeba kitu wala kumwona mtu? Na kama haki hiyo anayo, kaipata wapi, na nani kailipia?

Kiswahili chetu hakina uhaba wa maneno ya kukaa au kwenda bila kazi. Kuna kutembea, kupunga upepo, kubarizi, kuranda, kuzurura. Na kuna kutanga na njia. Sidai kwamba mji wetu umepewa jina kwa neno hilo. Wenye elimu ya majina na waendelee kubishana. Ninachotaka msomaji akitazame ni jinsi maneno haya yalivyopangwa kwa vyeo. Mwenye gari akienda ufukweni Jumapili, anapunga upepo. Mwenye baiskeli akifanya hivyo hivyo, anatembea. Asiye na kitu akionekana pale pale, saa ile ile, anazurura. Bahari ni moja na upepo ni mmoja. Kilichobadilika ni mfuko.

Na kuzurura halikuwa neno la mdomoni tu. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvukazi, na katika Dar es Salaam watu waliokutwa mitaani bila uthibitisho wa kazi walikusanywa wakapelekwa mashambani. Wazee waliokuwepo wanayakumbuka. Wakati ule kukosa jibu la "wapi hiyo?" kuliweza kukupandisha kwenye lori. Nchi ilikuwa katika dhiki, hilo sikatai, na kauli ya kwamba kazi ni uhai ilikuwa na maana kwa taifa lililotoka kutawaliwa. Lakini imetuachia mazoea fulani ya moyoni. Hata leo, kijana wa Ngamiani akiwa barabarani bila mzigo huhisi kama ameiba kitu.

Tanga, kwa wasiopajua, ni mji wa baiskeli. Ardhi yake ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka kama mistari ya daftari, barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, na tangu enzi za babu zetu watu wamezoea kwenda kazini kwa miguu miwili na magurudumu mawili. Alfajiri utawaona wakiingia mjini: mwenye makaa ambaye magunia yamempita kichwa, mwenye samaki anayekimbizana na jua, mwenye makuti anayeonekana kama banda linalotembea lenyewe, mwenye madumu ya maji. Utamwona mama wa baibui kampakia mtoto nyuma, kiti kimenyooka, hana haraka, anapiga kengele kama mwenye mji. Sura hii ya mwanamke wa pwani juu ya baiskeli huwashangaza wageni wanaotoka miji mingine. Sisi tumezaliwa tumeikuta.

Basi katikati ya watu hao napita mimi, keria yangu tupu.

Hapa lazima nieleze habari ya baiskeli yenyewe, maana bila hivyo msomaji ataona nafalsafisha hewa. Baiskeli ninayopanda ilikuwa ya mjomba wangu. Ni Phoenix nyeusi, ya Kichina, nzito kama dhambi, na nyuma ina keria ya nondo aliyochomelewa na fundi kwa kazi moja tu: nazi. Mjomba alikuwa akizichukua maeneo ya Tongoni na kuzileta soko la Mgandini, magunia mawili kwa safari, kilomita 17 hivi, mara nne au tano kwa wiki. Mwaka 2016, asubuhi moja, basi lilimpita karibu mno. Nazi zilitawanyika barabarani, na watu walioziokota, tunashukuru, walizileta nyumbani zote pamoja na habari.

Baiskeli haikuharibika sana. Rimu ya mbele ilipinda, spoki kadhaa zikakatika. Ilikaa ubavuni mwa nyumba miaka mitatu, kuku wakilalia juu yake, mpaka nilipoichukua kwa fundi. Mama yangu aliponiona nimeipanda Jumapili moja nimevaa raba na kaptula, alinyamaza kwanza, halafu akasema, "Mwanangu, chombo kilichomuua kaka yangu akitafuta ugali, wewe unakifanyia mchezo?"

Sijawahi kusoma kitabu cha maadili kilichouliza swali kali zaidi ya hilo.

Hoja ya Mama, nikiichambua, ina miguu miwili. Mguu wa kwanza ni heshima kwa marehemu, na huo siugusi, maana haujadiliwi kwa hoja. Mguu wa pili ndio wa mjadala: kwamba kuna ubaya fulani katika kugeuza jembe la mtu kuwa mpira wa kuchezea. Anayetembea kwa miguu kilomita 20 kwa sababu hana nauli, na anayetembea kilomita 20 kwa afya yake, wanafanya tendo moja kwa macho ya njia. Lakini yule wa pili akimpita wa kwanza na kumpungia mkono kwa furaha, pana kitu kinachochoma. Ni kama mtu aliyeshiba anayefunga saumu ya kupunguza mwili mbele ya mwenye njaa.

Nimejaribu kujibu kwa njia ya Aristotle, aliyefundisha kwamba tunafanya kazi ili tupate faragha, wala si kinyume chake. Kwamba wasaa ndio mwisho na shughuli ni njia ya kuufikia. Maneno matamu. Ila mzee yule yule aliandika kwamba wapo watu ambao kwa maumbile yao ni watumwa, na ukitazama kwa makini utaona hoja mbili hizo zinaegemeana: wasaa wa bwana ulikuwa unapikwa na kufuliwa na mtu mwingine. Nikamrudisha Aristotle kabatini.

Jibu lililonikaa moyoni nimelipata kwa watoto. Katika mitaa yetu wapo watu wanaokodisha baiskeli kwa watoto kwa dakika. Mtoto anakuja na shilingi zake alizozidunduliza, anapewa baiskeli inayomzidi kimo, anapenyeza mguu chini ya bomba la fremu kwa sababu siti haifikii, mwili wote umekwenda upande kama jahazi lenye tanga moja, na hivyo hivyo anazunguka kiwanja. Haendi popote. Akimaliza dakika zake anarudisha baiskeli na magoti yaliyochunika, na kesho yupo tena. Hakuna mtu mzima anayemwuliza "wapi hiyo?" Kila mbeba makaa ninayempita barabarani alianzia pale. Mjomba pia, Mama mwenyewe husimulia jinsi alivyoiba nauli ya chuoni akakodi baiskeli. Kwa hiyo mtu akiniambia baiskeli ni chombo cha kazi ambacho wenye nafasi wamekigeuza mchezo, namwambia ametazama kinyume. Kwetu sote ilianza kama mchezo. Kazi ilikuja baadaye na kuuteka mchezo, kama inavyoteka mambo mengi.

Mtu wa kubisha atasema utoto una ruhusa yake, ukubwa hauna. Sawa. Lakini tumtazame mkubwa huyo ni nani, kwa maana ruhusa ya kutanga haikugawiwa sawa hata baina ya wakubwa.

Dada yangu huenda kazini kwa baiskeli kila siku na hakuna anayeinua kope. Anakwenda kazini, baibui lake limefungwa vizuri lisiingie kwenye cheni, watu wanamwamkia. Siku aliyosema Jumapili tutoke wote mpaka Raskazone tukatazame bahari na turudi, maneno yalianza kabla hatujavuka reli. Mwanamke mtu mzima, kwa baiskeli, anaenda kutazama nini? Bahari hajaiona? Juma lililofuata akatoka tena, safari hii na kikapu mbele. Kimya. Nikamwuliza kuna nini ndani ya kikapu. "Hakuna kitu," akasema. "Lakini nikiwa na kikapu hawasemi."

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko ninavyofikiria habari za Aristotle. Kikapu kitupu ni kodi ya kupita. Dada yangu analipa kwa kujifanya ana shughuli, na anayempokea kodi hiyo hajui hata kwamba anaipokea. Mimi mwanamume nikisema "natembea tu" nachekwa. Yeye akisema hivyo anahukumiwa. Hivyo basi, anayesema kwamba kuendesha baiskeli kwa raha ni anasa ya wenye nazo, amesema kweli nusu. Ni anasa pia ya wenye ndevu. Na sioni kwamba dawa ya anasa iliyogawiwa vibaya ni kuwanyang'anya wote. Kama wasaa ni kitu kizuri, na naamini ni kizuri, basi la haki ni kuugawa upya. Kikapu kibaki nyumbani.

Sasa nizungumze kidogo habari ya vifaa, maana vijana wenzangu wakisikia neno "mazoezi" hufikiria kwanza kununua. Veblen, mwanauchumi wa Marekani, aliandika mwaka 1899 kitabu kizima kuhusu watu wanaotumia mali ili waonekane wakiitumia, na nadhani angefurahi kuona picha za waendesha baiskeli wa siku hizi: kaptula za kubana, miwani ya rangi, viatu vinavyojifunga kwenye pedeli, chupa maalumu, baiskeli ya bei ya kiwanja. Kwa njia zetu, na kwa moyo wa jambo lenyewe, mahitaji ni machache. Nunua ya mtumba, iliyoingia kwa meli. Si lazima iwe na gea nyingi, pwani yetu haina vilima vya kutisha mpaka uanze kuipanda Usambara. Kabla hujatoa pesa, igeuze juu chini, zungusha magurudumu utazame kama rimu inayumba, shika tairi ulitikise ubavuni usikie kama gololi zimekwisha, kandamiza breki zote mbili. Tazama fremu chini ya rangi mpya, hasa kwenye maungio, kwa sababu rangi mpya mara nyingi inaficha kiraka cha kuchomea. Simama juu ya fremu: bomba lisikuguse pabaya. Siti iwe juu kiasi kwamba mguu ukiwa chini kabisa goti libaki limekunjika kidogo tu. Watu wengi wanaoumwa magoti wanaumwa siti.

Njiani chukua pampu, viraka, solusheni, msasa, spana moja, na vijiko viwili vikuukuu vya kutolea tairi. Maji zaidi ya unavyodhani utahitaji. Chumvi ya bahari inakula cheni, kwa hiyo ifute na uipake mafuta kila ukirudi, kidogo tu, ukizidisha unakusanya mchanga. Taa ya nyuma na kitu cha kung'aa mgongoni, kwa sababu giza la pwani huingia ghafla mara jua likizama. Na helmeti. Juu ya helmeti sina falsafa, nina mjomba.

Kipimo changu katika mengine yote ni hiki: je, kifaa hiki kitanizuia kusimama na kuzungumza na mtu? Miwani inayoficha macho inazuia. Viatu vinavyonifanya nitembee kama bata nikishuka vinazuia kidogo. Vipokea sauti vya masikioni vinazuia kabisa, na juu ya hivyo vinaua. Kengele haizuii, inasalimia.

Lakini ni katika habari ya mahali pa kwenda ndipo dhamiri yangu ilipopata kazi kubwa. Maana mahali pazuri pa baiskeli kaskazini mwa pwani yetu, ukichunguza, karibu kila mahali pamelipiwa na mtu.

Chukua Raskazone. Asubuhi upepo ni mwanana, mbele yako ghuba na kisiwa cha Toten, barabara ina vivuli. Hapo ndipo, Novemba 1914, Waingereza walipoteremsha maelfu ya askari kutoka India kuja kuunyakua mji kutoka kwa Wajerumani. Walishindwa vibaya, na nyuki waliochokozwa na risasi wakawaongezea adhabu. Hata leo watu huviita vita vya nyuki na kucheka. Mimi pia hucheka. Halafu hukumbuka kwamba Mhindi wa watu aliyevuka bahari kuja kufa kwenye mikoko ya Tanga hakuwa na ugomvi na mtu yeyote hapa.

Au chukua mashamba ya mkonge. Kwa mwendesha baiskeli hakuna njia tamu kama zile: zimenyooka, udongo mwekundu ulioshindiliwa, magari hayapo, mistari ya mkonge inapita pembeni kama kurasa zinazofunuliwa, na Usambara imekaa mbele ya macho rangi ya moshi. Nilipoanza kwenda huko, upande wa Pongwe na Muheza, nilikuwa nikirudi nimejaa furaha mpaka chakula hakipiti. Lakini uzuri ule ulipangwa na nani? Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, Mjerumani, kutoka Florida kwa kupitia Hamburg, na inajulikana kwamba miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka miche 62 ulipatikana utajiri ulioifanya Tanganyika iongoze duniani. Mwaka 1964 zilizalishwa zaidi ya tani 200,000. Katikati ya miche ile na tani hizi wapo manamba: watu wa Songea, wa Kigoma, wa Msumbiji, wa Rwanda na Burundi, walioletwa kwa malori na garimoshi, wakapewa namba badala ya majina, wakafanya kazi kwa kipande. Siku isipotimia kipande hakitiwi alama. Njia iliyonyooka ninayoifurahia ilinyooshwa ili msimamizi aone mpaka mwisho wa mstari.

Hata tairi yenyewe. Mwaka 1888 Dunlop alitengeneza kule Belfast tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, na muda si mrefu Ulaya nzima ilishikwa na wazimu wa kuendesha baiskeli kwa raha. Mabwana na mabibi walitoka Jumapili kwenda mashambani kupunga upepo, kama mimi. Dunia ikataka mpira, mpira mwingi, upesi. Na mojawapo ya sehemu ulikopatikana ni Kongo ya Mfalme Leopold, ambako mwanakijiji asiyeleta kiasi alichopangiwa mkewe aliwekwa rehani, kijiji kilichomwa moto, na askari walikata mikono ya watu ili kuthibitisha kwamba risasi hazikupotea bure. Ripoti ya Casement ya mwaka 1904 iliyaweka mezani, na mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa koloni lake. Huku kwetu Wajerumani nao walipanda mipira katika mashamba ya Muheza na Usambara, mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913. Mabwana na mabibi wale wa Jumapili hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanapiga kengele wakipishana. Hilo ndilo linalonitisha: kwamba raha safi kabisa, isiyomgusa mtu yeyote barabarani, iliweza kuwa na mkono uliokatwa upande wa pili.

Je, basi niache? Nimejiuliza hivyo kwa dhati, nikiwa nimesimama katikati ya mkonge. Na nimeona kwamba kuacha hakumrudishii namba yoyote jina lake. Njia ile nisipoipita, haimo kwenye kumbukumbu ya mtu isipokuwa mwenye shamba. Nikiipita nikiwa najua, angalau kuna jozi moja ya macho inayoitazama kama kazi ya watu. Sisemi kwamba kujua ni malipo. Nasema kwamba raha isiyojua chochote na raha inayojua si raha moja, hata kama magurudumu yanazunguka sawa. Ya pili ina uzito. Inakufanya upunguze mwendo, usimame kwenye kambi za zamani za wafanyakazi, ambako wajukuu wa manamba bado wanaishi, unywe chai yao, ulipe, usikilize.

Kwa hiyo napendekeza njia kwa masharti hayo. Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini, barabara ya Horohoro. Lipa kiingilio, mchukue mwongozaji, na kumbuka kwamba ndani humo pana watu wanaofanya matambiko, si maonyesho kwa ajili yako. Jirani na hapo pana chemchemi ya maji moto ya Galanos, yenye jina la Mgiriki wa mkonge na harufu ya yai viza. Upande wa kusini, Machui, alikozikwa Shaaban Robert mwaka 1962. Sisi tunaojiita waandishi vijana tungefaa kufika huko japo mara moja kwa nguvu za miguu yetu, maana aliishi sehemu kubwa ya maisha yake karani, na vitabu vyote vile aliviandika katika muda uliobaki baada ya kazi. Watu wa zama zake wangeweza kusema anapoteza muda. Endelea mpaka Tongoni ukaone magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, mji uliokwishakuwepo wakati Vasco da Gama alipopita pwani hii. Mwaka 1499, akirudi, alichoma moto mojawapo ya merikebu zake maeneo haya kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Mwenye pumzi na aendelee mpaka Pangani, kilomita 50 hivi kutoka mjini, alale huko, ale samaki, arudi kesho yake. Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini Pangani hairuhusu haraka.

Barabara hiyo ya Pangani ndiyo aliyofia mjomba. Zamani ilikuwa ya udongo, makorongo kila hatua, na magari yalitambaa. Lami imeingia, na lami, pamoja na baraka zake, imeleta mbio. Napanda pembeni kabisa na bado mabasi yananipuliza. Hapa ndipo nilipopata sababu nyingine, ambayo Mama aliisikiliza bila kunikatiza. Mbeba nazi hana nafasi ya kwenda ofisi ya kata kulalamika kwamba pembezoni mwa barabara hapapitiki. Akienda, siku hiyo hauzi. Anayependa baiskeli kwa raha anayo nafasi, anajua kuandika barua, na akigongwa yeye watu watauliza kwa sauti. Tukiwa wengi tunaopanda bila kulazimika, upana wa barabara tutakaoudai ni ule ule ambao mwenye makaa anauhitaji. Nimeandika barua mbili. Sijajibiwa. Nitaandika ya tatu, na nawaomba wasomaji wa upande wetu waandike zao. Raha inayodai njia kwa ajili ya wote imepunguza kidogo deni lake, ingawa sisemi imelimaliza.

Ipo pia habari ambayo wazee hawapendi kuisikia: kazi inaiacha baiskeli. Nazi siku hizi zinakuja kwa bodaboda na bajaji. Fundi wangu, mzee wa barabara ya kumi na mbili, anasema zamani alikuwa akiziba pancha mpaka usiku, sasa anacheza bao saa nne asubuhi. "Nyinyi wa Jumapili," akaniambia, "ndio mnaonipa sukari." Sijui kama alikuwa ananisifu. Ila nimeona mambo yamegeuka: tuliodhaniwa tunakichezea chombo cha kazi, huenda ndio tutakaobaki nacho.

Fundi huyo huyo ameshauri niing'oe keria. Ni nondo tupu, amesema, kilo sita au saba unazibeba bure, ukiitoa baiskeli itaruka. Kweli kabisa. Nilimwendea mtoto wa mjomba, ambaye sasa ana miaka kumi na sita na kwa haki ndiye mwenye mali, nikamweleza. Alikuwa akiosha bajaji ya watu. Akaniuliza ni bolti ngapi. Nikamwambia hazina bolti, zimechomelewa, lazima zikatwe. Akaendelea kuosha kwa muda, halafu akasema nisubiri kwanza, kwa sababu mwezi ujao huenda akaihitaji kupeleka mkaa Mikanjuni, na isipokuwa mkaa, basi yeye mwenyewe hajafika Pangani hata siku moja, na angependa akae nyuma.

Safari ya Pangani tumeipanga Jumapili baada ya Idi. Dada yangu amesema anakuja, na kikapu haji nacho.